Wiki tano na mwanamfalme aliyevunjika shingo

Alianguka bila kelele nyingi. Nilisikia kishindo kizito juu ya zulia, kisha mlio mmoja mkali, "ti", kipande kilipogonga jiwe la meko.

Nikabaki nimesimama na kitambaa cha vumbi mkononi. Farasi wa udongo alikuwa amelala ubavu, mzima. Aliyempanda hakuwa na kichwa.

Bibi akauliza kutoka chumba cha pili, "Kuna nini, bata wangu?" Bata ni neno la mapenzi kwa watu wa Stoke, huku Uingereza, huitana hivyo sokoni, kwenye basi, hata hospitalini.

"Si kitu, Bibi. Nimeangusha brashi."

Sikuwa na brashi.

## Bertie

Wanaonisoma siku zote wanajua kazi ninayofanya huku Uingereza: nahudumia wazee majumbani mwao, asubuhi na jioni. Bibi ninayemsimulia leo ana miaka 91. Anaishi Burslem, mmoja wa ile miji sita iliyounganishwa mwaka 1910 ikawa Stoke-on-Trent. Wenyewe huuita Burslem Mji Mama, kwa heshima ya ufinyanzi wake wa tangu enzi. Nyanya yake Bibi alikuwa mpakaji rangi katika kiwanda kimoja cha vyombo hapo hapo Burslem, na mama yake vilevile. Macho ya Bibi yamekufa katikati. Pembeni bado huona mwanga na vivuli, basi. Vitu vya nyumba yake anavijua kwa mikono.

Juu ya meko yake kuna rafu ya mbao. Katikati ipo saa. Kushoto yupo farasi na mpandaji wake.

Kulia hakuna kitu.

Sanamu yenyewe ina urefu wa sentimita thelathini hivi. Farasi ni mweupe mwenye mabaka ya kijivu, na kati ya miguu yake wamejaza bonge la udongo lililopakwa kijani liwe kama majani, maana miguu mitupu isingehimili uzito ndani ya tanuri. Mpandaji amevaa koti la buluu iliyokolea na kofia ya manyoya. Ukimgeuza, mgongo wote ni bapa, mweupe, hauna hata tone la rangi, ila kitundu kidogo kama punje ya dengu cha kutolea hewa moto wakati wa kuchomwa. Sanamu za namna hii zilitengenezwa kwa wingi Staffordshire, jimbo lenye Stoke, zama za Malkia Victoria, ziwekwe kwenye rafu za watu wa kawaida, zikiegemea ukuta. Nani angeona mgongo? Basi hawakupoteza rangi.

Kila asubuhi, akishamaliza chai, Bibi hujikongoja na mkongojo wake mpaka kwenye meko, hulipapasa shingo la farasi, husema, "Habari za asubuhi, Bertie."

Bertie lilikuwa jina la nyumbani la Albert Edward, mwana wa kwanza wa kiume wa Malkia Victoria, Mwanamfalme wa Wales, yule aliyekuja kutawala kama Edward wa Saba kuanzia 1901 mpaka alipofariki 1910. Masimulizi ya ukoo wa Bibi ni kwamba sanamu ilitengenezwa kwa ajili ya harusi yake na Alexandra wa Denmark, Machi 1863. Upande wa kulia wa saa alikuwepo Alexandra, naye juu ya farasi wake, ameketi upande kama walivyopanda mabibi wa wakati ule. Farasi wawili wakitazamana, saa katikati.

Mama yao alipofariki, mabinti wawili waligawana. Dada mtu akamchukua Alexandra akahama naye. Dada amekwisha kufa siku nyingi, na sanamu haijulikani iliko. Tangu siku ya kugawana Bibi hajaweka kitu upande wa kulia. Kadi za Krismasi huzipanga juu ya televisheni.

Huyo ndiye niliyemvunja shingo.

## Gundi

Vilikuwa vipande viwili: kichwa pamoja na sehemu ya bega la kushoto, na ncha ya unyoya wa kofia. Nilivifunga kwa karatasi ya jikoni. Bibi alipolala mchana nikaenda dukani, nikanunua gundi kali ya haraka, nikaketi kwenye meza ya jikoni nikaunganisha. Dakika kumi. Gundi ilifurika kidogo shingoni ikakauka kama kamasi. Nikamrudisha kwenye rafu.

Jioni ile Bibi alipita kwenye meko, akampapasa farasi shingo, akaenda zake kulala. Mkono haukupanda juu.

Nikashusha pumzi. Nikikumbuka leo, ile pumzi ndiyo inayoniuma kuliko kuvunja kwenyewe.

Kampuni iliyoniajiri ina kanuni iliyo wazi: ukiharibu kitu cha mteja, unaripoti siku hiyo hiyo. Sikuripoti. Niliogopa kupunguziwa zamu, na mwezi huo kodi ya nyumba ilikuwa imenibana. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshika birika jikoni niliposikia, "Habari za asubuhi, Bertie." Keshokutwa tena. Na mtondo.

## Zidaka

Usiku nilikuwa nikimkumbuka nyanya yangu wa Lamu.

Nyumba yake ilikuwa na zidaka, ukuta mzima wa vijumba vya chokaa vilivyochongwa, kila kimoja na upinde wake. Wakati wa utoto wangu vingi vilikuwa vitupu, vyombo vyake vilishauzwa kwa wageni kimoja kimoja, lakini vilibaki sahani tatu na bakuli moja la Kichina la buluu na nyeupe. Hatukuruhusiwa kuvigusa. Chombo cha kidakani si cha kulia chakula; kipo kitazamwe, na kiwatazame wenye nyumba. Nyanya alituambia kikivunjika chenyewe msilie, kimechukua baya lililokuwa linakuja kwenu, hasidi aliyeingia na jicho lake ametoka mikono mitupu.

Nilijaribu kujifariji kwa maneno hayo. Hayakukubali. Nyanya alisema kikivunjika *chenyewe*.

Na moja ya sahani zile tatu, sasa najua, haikuwa ya Kichina. Ilikuwa nyeupe nzito yenye maua yaliyopigwa kwa mhuri, ya Kiingereza. Vyombo vya Staffordshire vilifika pwani yetu karne ya 19. Wanaakiolojia huokota vigae vyake Zanzibar hadi leo. Kwa hiyo huenda sahani ya kidakani kwetu na farasi wa Bibi vilichomwa kwa moshi wa mji mmoja. Matanuri ya hapa yalijengwa kama chupa kubwa za matofali. Zamani yalikuwa takriban 2,000. Leo yaliyosimama hayafiki 50. Mawili matatu nayaona nikienda kazini, nikiwa ndani ya basi.

## Ndani ya kifua

Wiki ya tatu niligundua kichwa kimeanza kulala upande. Nilikigusa tu kwa ncha ya kidole, kikabaki mkononi mwangu.

Palipokuwa na bega palikuwa wazi, tundu kama sarafu ya shilingi ishirini. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia.

Sikuwahi kufikiria kwamba sanamu ina ndani. Kwa nje ana vifungo vya koti, mkanda, nyusi zilizochorwa kwa unywele mmoja wa brashi. Kwa ndani ni pango, na ukuta wa pango umejaa mashimo ya vidole. Kifua kizima. Vidole vimebonyeza, vikasogea, vikabonyeza tena. Mahali pamoja kidole kimeteleza kikaacha mfereji mrefu, kama mtu alikuwa anaharakisha.

Baadaye nilisoma jinsi walivyofanya. Udongo ulisukumwa ukawa bapa kama chapati, chapati ikalazwa ndani ya kalibu ya plasta, ikabonyezwa kwa vidole mpaka ishike kila kona. Kalibu ya mbele, kalibu ya nyuma. Zikabanwa pamoja, maungo yakazibwa kwa uji wa udongo. Sanamu za kuiga za siku hizi humiminwa tu kama uji ndani ya kalibu, zikawa nyepesi na laini kwa ndani, na tundu la chini huwa kubwa. Kwa hiyo vile vidole vilikuwa ushahidi kwamba Bertie ni wa kale kweli.

Nilikiingiza kidole changu cha mwisho kwenye shimo moja. Kilienea barabara. Kidole cha shahada hakikuingia.

Udongo hunywea ukikauka na kuchomwa, hilo nalijua, na mkono wa mwanamke mwembamba ungeweza kuacha alama kama ile. Lakini najua pia kwamba viwanda hivi vilijaa watoto. Mwaka 1841 mkaguzi aliyetumwa na serikali, Samuel Scriven, alipita humu akiwahoji, na aliwakuta wenye miaka saba, minane, wakifanya kazi tangu alfajiri. Sheria za viwanda hazikuwafikia watoto wa ufinyanzi mpaka 1864. Sanamu hii, iwe ya 1863 kama anavyosema Bibi au ya kabla yake, ilibonyezwa kabla ya sheria hiyo.

Nilikaa na kile kichwa mkononi muda mrefu. Kisha nikakipachika tena kwa gundi ile ile.

Ndiyo. Hata baada ya kuona.

## Mkoba

Mwisho wa wiki ya tano nilikuwa nimepata mpango. Nilimpata mtu anayerekebisha vyombo vya kale, mwanamke mwenye karakana yake, akaniambia nimletee Jumamosi. Bibi angekuwa kwa daktari na binti yake asubuhi nzima. Ningemchukua, ningemrudisha, asingejua mtu.

Ijumaa jioni nilimfunga kwa taulo nikamtia kwenye mkoba wangu, ili Jumamosi nisipite tena pale. Nikavaa koti. Nikamwambia Bibi usiku mwema. Nikashika kitasa cha mlango.

Mkoba ulikuwa mzito. Hapo ndipo nilipojiona kama anavyoniona mtu mwingine: mfanyakazi, amesimama mlangoni usiku, na mali ya mwanamke asiyeona imo mkobani mwake.

Nilirudi sebuleni nikamrejesha kwenye rafu. Nikatoka nje nikampigia Mama, Mombasa, huko kwao ilikuwa karibu saa sita za usiku. Nikamweleza yote. Mama hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwenyewe yuko hai?"

"Yuko hai, Mama."

"Basi unanipigia mimi ya nini?"

Nikaingia ndani. Bibi alikuwa bado kitini. Nikamshika mkono, nikamsogeza hadi kwenye meko, nikauweka mkono wake juu ya bega la mpandaji, mahali gundi ilipofurika. Nikasema, "Bibi, siku ile haikuwa brashi."

Vidole vyake vilizunguka shingo polepole. Vikapanda kichwani, vikagusa unyoya uliopungua ncha, vikashuka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimejiandaa pia, nakiri, kwa yale maneno tunayoyatamani sote: nilijua siku zote, mwanangu, usijali. Hakuyasema, maana hakuwa anajua.

Alisema, "Kila asubuhi ulikuwa umesimama hapo jikoni, unanisikia."

Kisha akaniomba nimtie chai, na hakusema neno lingine mpaka nilipoondoka.

Kampuni ilinipa barua ya onyo, nikaisaini. Jumatatu Bibi aliniambia nimpeleke Bertie akatengenezwe, na kwamba nusu ya gharama atalipa yeye kwa sababu ni wake. Nilikataa. Tulibishana. Nililipa yote.

## Si Bertie

Mrekebishaji aliiyeyusha gundi yangu kwa asetoni, pamba moja baada ya nyingine, saa nzima. Akaniambia kwa upole kwamba wenye kazi hii hutumia gundi inayoweza kufunguliwa tena, ili atakayekuja baada yao asiadhibiwe kwa makosa yao. Akachungulia kifuani kama nilivyochungulia mimi, akatabasamu. Ni wa kale, akasema.

Halafu akauliza, "Wanamwitaje?"

Nikamwambia. Akamgeuza kwenye mwanga, akanyamaza kidogo.

Alinionyesha vitu viwili. Kwanza buluu ya koti, buluu ya kobalti. Sanamu hizi zilipakwa buluu ile sana miaka ya 1840 na 1850. Baadaye ikapungua, nyingi zikawa nyeupe zenye mistari ya dhahabu. Pili mavazi: koti la jenerali na kofia ya manyoya. Vita vya Crimea, Uingereza na wenzake dhidi ya Urusi, vilipopamba moto, 1854 na 1855, wafinyanzi wa hapa walitoa majenerali juu ya farasi kwa makumi, maana kila nyumba ilitaka wake. Mwanamfalme wa Wales alizaliwa Novemba 1841. Wakati wa Crimea alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu.

"Wa ukoo wa kifalme huenda ni kweli," akasema. "Lakini mimi ningesema ni Duke wa Cambridge."

Sikuwahi kumsikia. Usiku ule nilimsoma mpaka macho yakauma. George, binamu wa Malkia Victoria, aliongoza divisheni ya kwanza kule Crimea, akapigana katika mapigano ya Alma na Inkerman huko huko, kisha akawa mkuu wa jeshi lote tangu 1856 hadi 1895. Na mke? Mwaka 1847 alimuoa mwigizaji wa jukwaani, Sarah Fairbrother, bila idhini ya Malkia. Kwa sheria ya watu wa kifalme ndoa ile haikuwa ndoa. Bi Sarah hakupewa cheo cha mumewe, na watoto hawakurithi kitu cha ukoo. Alifariki 1890. Duke alipofariki 1904 alizikwa naye, makaburi ya Kensal Green, London.

Nikafikiria ile nafasi tupu upande wa kulia wa saa.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda jumba la makumbusho la Hanley, mwingine wa ile miji sita, kutazama sanamu za aina hii. Nilitaka jibu, nikarudi na shaka zaidi. Wafinyanzi hawa hawakuwahi kuwaona watu waliowafinyanga. Walitazama picha za magazetini na majalada ya nyimbo, na kalibu moja waliweza kuiuza kwa majina tofauti kadiri habari zilivyobadilika. Ipo sanamu yao maarufu ya Benjamin Franklin iliyoandikwa chini yake, kwa herufi nzuri kabisa, Washington. Hiyo ina jina, na jina ni la uongo. Ya Bibi haina jina lolote.

Je, nimwambie? Nilikuwa nimetoka tu kumwondolea jambo moja alilolitegemea. Kumvunjia Bertie, kisha kumvunjia hata kuwa Bertie? Kwa upande wa pili, ukimya ule wa wiki tano nao ulianza hivyo hivyo, kwa kujiambia kwamba hahitaji kujua.

## Aliporudi

Nilimrudisha Jumanne. Nilimweka kwenye rafu, kushoto, farasi akitazama saa. Bibi akaja na mkongojo wake. Mrekebishaji alifanya kazi safi. Kwa jicho huoni kitu, lakini kwa kidole kuna mstari mwembamba, kama uzi, kutoka sikioni hadi begani. Bibi aliukuta mara moja. "Huu hapa," akasema.

Nikamweleza yote. Buluu, koti, Crimea, miaka kumi na tatu. Nikamtaja Duke wa Cambridge. Alisikiliza mkono wake ukiwa bado begani kwa mpandaji.

"Na huyo George," akauliza, "alikuwa na mke?"

Nikamsimulia habari za Sarah Fairbrother. Alitaka kujua kama walipendana. Nikasema walizikwa pamoja. Akatikisa kichwa taratibu, akakaa kimya kiasi kwamba nilisikia saa.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, "Nyanya yangu alipaka rangi viwandani tangu akiwa msichana. Alimfuta vumbi huyu maisha yake yote akimwita Bertie, na mama yake kabla yake hivyo hivyo. Huyo bibi wa karakana, alimshika kwa muda gani?"

"Wiki mbili," nikasema.

"Mm," akasema Bibi.

Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo ninapoandika sina. Ushahidi wa koti naukubali. Lakini mama wa yule nyanya huenda alikuwa hai siku sanamu iliponunuliwa, na muuzaji huenda alimwambia kwa kinywa chake, huyu ni Bertie na huyu Alexandra, wachukue wote wawili. Kama kalibu ilikuwa ya jenerali wa jana na ikauzwa upya kwa harusi ya leo, nani kati yetu amekosea?

Siku hizi namfuta vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi. Kwanza namshusha mezani, kwa mikono miwili, nikimshika kiunoni mwa farasi. Simu naiacha jikoni.

Na asubuhi Bibi bado humwamkia kwa jina lile lile. Kilichobadilika ni mkono. Hauishii tena kwenye shingo la farasi. Hupanda mpaka begani kwa mpandaji, kidole gumba kikapita juu ya ule mstari mara moja, kisha kikashuka.